Maria mwenye ndonya: maoni yangu kuhusu fundi wa mpingo wa njia ya Mikindani

Nilitaka Maria. Ndivyo nilivyomwambia fundi siku ile ya kwanza, katikati ya Septemba, nimesimama kwenye kivuli cha banda lake na madaftari ya wanafunzi mkononi: nataka sanamu ya Bikira Maria na mtoto, ya mpingo, urefu wa futi moja hivi, ya kuweka kwenye meza ya sebuleni tunaposali jioni. Hakuanza na bei wala hakuniuliza naitaka lini. Aliweka tezo chini, akafuta jasho, akasema, "Maria yupi, mwanangu? Wa kwenye kalenda au wa kwetu?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitarudi Jumamosi.

Naandika kwa ajili ya wale ambao wameiona sanamu hii nyumbani kwangu wakaniuliza nimeipata wapi na kwa kiasi gani. Bei na ubora nitavieleza. Ila swali lile la fundi lilinipeleka mahali ambako sikukusudia kwenda, na siwezi kuisifu kazi yake nikauficha upande huo, maana huo ndio ulionifanya nijue kwamba ni fundi hasa.

Karakana haina bango. Ni banda la makuti chini ya mwembe, ukitoka Mtwara mjini kuelekea Mikindani, na utasikia tezo kabla hujaliona. Fundi mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na kitu, Mkatoliki, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita ya kudai uhuru, yeye akiwa mtoto. Ameniomba nisimtaje jina wala nisitoe namba yake, na nitaheshimu hilo. Ukiuliza bodaboda wa pale "kwa mzee wa vinyago" watakufikisha.

Kwanza mti wenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huibiwa. Mpingo wa kweli ni mweusi kwenye kiini tu. Sehemu ya nje ya gogo ni nyeupe ya manjano. Sanamu nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni mti mwingine kabisa uliopakwa rangi ya viatu. Fundi huyu hasubiri umuulize. Alichukua kipande kidogo, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kikazama kama jiwe. "Kikielea, rudisha," akasema. Kisha akanionyesha magogo yake, yaliyochorwa alama za nyundo za maliasili kwenye ncha, akanieleza kuwa ananunua kwa mtu mwenye kibali anayeyatoa Kilwa. Huko kuna vijiji vyenye misitu yao ambavyo mwaka 2009 vilianza kuvuna mpingo kwa cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, hela ikibaki kijijini kujenga madarasa na visima. Sikuweza kuthibitisha kila gogo lake limetoka wapi, lakini nilipenda kwamba ana la kusema juu ya jambo hilo. Mpingo hukua polepole mno. Huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuchongwa. Gogo alilonichagulia, kwa hesabu hiyo, lilikuwa mche wakati bibi yangu mzaa mama alipokuwa msichana.

Hapo kwa bibi ndipo ilipo habari yangu.

Kwetu ukoo hufuata mama. Babu yangu alikuwa Mmakua wa Masasi, baba yangu ni mtu wa pwani ya Lindi, lakini ukiniuliza mimi ni nani kwa kabila, jibu linapita kwa mama na kwa mama yake, Mmakonde wa Newala, aliyezaliwa ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu, kule ambako ukisimama Shimo la Mungu unaiona Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo. Alikuwa na nembo mashavuni na kwenye paji la uso, zile pembepembe zinazopandana, zilizochanjwa kwa kisu na kusuguliwa masizi. Na alikuwa na ndonya: kisahani cha mpingo ndani ya mdomo wa juu.

Mimi nimekulia Temeke. Mwaka 1994, nikiwa na miaka tisa, bibi alikuja kututembelea. Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na masika gari zililala porini siku kadhaa. Alifika na vumbi na tope, na kapu la korosho na ming'oko. Nilikuwa nje na wenzangu wa shule. Mmoja akamwona, akacheka, akauliza, "Yule nani?" Nikasema ni mama muuza korosho, anamsubiri mama.

Siku mbili tatu baadaye sikuikumbuka tena. Ndivyo watoto walivyo. Lakini Wamakonde wa Dar wa miaka ile wanajua nilikuwa naogopa nini: utani wa darasani, utani wa kwenye daladala, kuambiwa tunachonga watu kwa sababu hatuna watu. Hata Wamachinga, ambao ni kabila la watu huku Lindi, jina lao liligeuzwa kuwa jina la kila mtu anayetembeza nguo mgongoni. Nilijifunza mapema kusema "mimi ni wa Dar" na kuishia hapo.

Nilipofika chuo cha ualimu niliokoka, na nasema kwa moyo wote kwamba wokovu ule ulikuwa wa kweli. Nilikuwa msichana asiyejipenda, nikaambiwa kuna aliyenipenda kabla sijazaliwa, na nikaamini. Hilo halijabadilika hadi leo. Ila kundi la maombi nililojiunga nalo, ambalo sitalitaja, lilikuwa na usiku wa kuvunja laana za ukoo. Tuliandika kwenye karatasi kila kitu cha mababu tulichokijua, tukaziweka kwenye karai, tukachoma. Niliandika: nembo, ndonya, unyago, midimu, ile ngoma yetu ya vinyago. Nikaandika jina la bibi. Kiongozi akasoma 2 Wakorintho 5:17: "Hata imekuwa, mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, ya kale yamepita tazama! Yamekuwa mapya." Nikalia kwa furaha. Kwa miaka mingi nilielewa kwamba "ya kale" ni uso wa bibi yangu.

Bibi alifariki 2011. Alikuwa Mwanglikana wa Newala, na kwenye maziko kina mama wa kanisa lake waliimba kwa Kimakonde mpaka jua likazama, na mimi, mtu wa maombi ya usiku kucha, sikuweza kuitikia hata ubeti mmoja.

Basi, "Maria yupi?" Nilikuwa nimehamishiwa shule ya Mtwara miaka kadhaa tayari, nasali kwa Waanglikana kama bibi, nafundisha watoto ambao nyuso za bibi zao nazijua. Bado picha ya Maria kichwani mwangu ilikuwa ile ya plasta iliyo sebuleni kwa mama Temeke, nyeupe, mashavu ya waridi, shela ya buluu. Sisemi ni mbaya. Mama ameisalia miaka thelathini. Lakini fundi aliponiuliza, niligundua kwamba sijawahi kufikiri kuwa kuna mwingine.

Nikaenda kwa padre. Niliogopa kwamba nataka kufanya jambo la kipagani, na pia, kwa upande mwingine, kwamba nataka kufanya jambo la maonyesho tu. Padre ni mtu wa maneno machache, lakini siku ile alizungumza. Alinikumbusha jinsi kanisa letu huku kusini lilivyoanza. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwa miguu na kundi la watu waliokombolewa utumwani, walioletwa kutoka Unguja, nia ikiwa kufika upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wengi walisema hapa tumekaribia kwetu, na wakabaki. "Watu wale," padre akasema, "walikuwa wameshanyang'anywa kila kitu cha kuwaambia wao ni nani. Wakaipata Masasi, wakapata ubatizo, vyote kwa pamoja. Hawakuambiwa wachague."

Sikukubali haraka hivyo. Nilimuuliza vipi kuhusu wamisionari waliopiga marufuku ngoma zetu. Akakubali kwamba wapo, na wengi. Kisha akaniuliza babu yangu wa Masasi alitahiriwa wapi. Nikasema jandoni. Jando lipi? Sikujua kwamba yalikuwa mawili. Akanieleza habari ya Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, ambaye aliamua kwamba jando halitapigwa vita, litabatizwa: kambi ya porini ibaki, mafunzo ya wazee yabaki, lakini sala ziwe za Kikristo, padre awepo, na vijana watakapotoka wapelekwe kanisani kushukuru. Kwa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi, padre alilisema hilo wazi, na sio kila alichofanya askofu yule kinapendeza ukikitazama leo. Lakini babu yangu, ambaye maisha yangu yote nilimchukulia kama mtu aliyekuwa na upande wa kanisa na upande wa porini, alikuwa ametoka porini akaingia kanisani kwa mstari mmoja, siku moja, amevaa nguo mpya.

Jumamosi nikarudi kwa fundi nikamwambia, wa kwetu.

Akataka picha. Hapa nawashauri mtakaoagiza: mpelekeeni picha, hata mbovu. Hachongi "mwanamke wa Kimakonde" kwa jumla, anataka mtu. Picha pekee ya bibi niliyokuwa nayo ni ile ya kadi yake ya mpiga kura ya 2005, ndogo kama stempu, imefifia. Fundi aliishika kwa ncha za vidole, akaiinamishia mwanga, akanyamaza muda mrefu. "Mistari naiona," akasema. "Hii najua. Hata mama yangu alikuwa na inayofanana. Lakini ndonya hakuna. Hapa ni tundu tu." Kisha akauliza swali la pili. Nichonge na ndonya au na tundu? Kwa sababu, alisema, mwanamke aliyetoa ndonya alikuwa na sababu, na sababu hiyo si yangu mimi fundi kuiamua.

Nilijibu upesi kwamba aliitoa kwa sababu ya kanisa, alipobatizwa. Nilikuwa na hakika. Ndivyo nilivyoamini siku zote, na ndiyo sababu mojawapo iliyonifanya niandike ndonya kwenye karatasi ile ya kuchoma: kama bibi mwenyewe aliiacha kwa ajili ya Yesu, mimi ni nani? Fundi akatikisa kichwa taratibu. "Mama yangu alipokea komunyo na ndonya yake," akasema. "Padre alikuwa anamsubiri aitengeneze midomo. Muulize mama yako."

Nikampigia mama jioni ile, nimekaa kwenye ngazi za nyumba. Nilimwuliza bibi alitoa ndonya lini. Mama alinyamaza, nikadhani simu imekata. Akasema, "Ile safari ya kwanza aliyokuja Temeke. Wiki ileile. Alikuja chumbani kwangu usiku akanipa imefungwa kwenye kitambaa, akasema mjukuu wangu anaona haya, na mimi sitaki awe na haya kwa sababu yangu."

Nikasema hakunisikia, mama. Alikuwa mbali, alikuwa getini.

Mama akasema, "Alikusikia."

Usiku ule nilisoma habari ya Petro uani kwa kuhani mkuu, "Simjui mtu huyu," na sikuweza kuendelea hadi jogoo. Wiki hiyo nilikwenda kuungama. Padre alinipa maondoleo, kisha akaniambia neno ambalo nimelishika: sanamu haisamehi, Mungu ndiye anayesamehe, usimwagize fundi kazi ya Mungu. Nikamwambia nimeelewa. Na nilipomuuliza basi niendelee au niache, akafungua Ufunuo 7:9, ule umati mbele ya kiti cha enzi, "watu wa kila taifa, na kabila, na jamaa, na lugha," akaniuliza Yohana alijuaje kwamba ni wa kila kabila. Kwa kuwatazama, nikasema. Akasema, haya, nenda.

Naamini hivyo sasa kwa nguvu zangu zote. Bwana mwenyewe alifufuka na makovu yake, na Tomaso alimtambua kwa hayo. Kama mwili uliofufuka haukufutwa alama zake, sioni kwa nini mimi nilifundishwa kwamba kuzaliwa upya ni kupanguswa uso. Nilikuwa natafuta mimi ni nani katika Kristo kwa kupunguza: toa Umakonde, toa Newala, toa bibi, kitakachobaki ndicho Mkristo. Kilichobaki kilikuwa kitupu, ndiyo maana nilichoka sana miaka ile. Ya kale yaliyopaswa kupita ilikuwa ile aibu.

Nikamwambia fundi achonge na ndonya.

Sasa kuhusu huduma, na hapa nitakuwa mkweli. Tulikubaliana shilingi 180,000. Nilitoa advansi ya 80,000, hakuna risiti, aliandika kwa chaki ubavuni mwa banda. Aliniambia wiki tatu. Zilikuwa wiki kumi. Nilipiga simu, haipatikani. Nilikwenda mara mbili, banda limefungwa kwa kamba. Mara ya pili jirani akaniambia mzee yuko shambani, korosho zimeanza kudondoka, na hapo nikakumbuka ninaishi wapi. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba, fundi mwenye mikorosho hamsini hawezi kukaa kivulini kuchonga wakati mnada unaendelea. Kosa lake ni kwamba hakunionya, na nilimwambia hivyo kwa adabu, naye akakubali. Ukiagiza, agiza kati ya Januari na Mei, au mwambie wazi kuwa una siku yako.

Pia ujue kwamba ukiingia bila kuagiza hutapata ulichokifuata. Kwenye rafu kuna tembo, kuna Wamasai na mikuki yao, kuna nguzo za ujamaa, watu wamepandiana mabegani, kazi nzuri sana, na sanamu chache za mashetani. Nilimuuliza kwa nini karakana ya Mmakonde imejaa Wamasai. Akasema ndio wanaonunuliwa. Alisema bila uchungu, lakini mimi ulinipata.

Nilipoitwa kuichukua, ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, kesho yake Majilio yanaanza. Alikuwa ameifunika kwa gunia. Alipoliondoa nilikaa chini kwenye maranda.

Maria amesimama. Hana shela, ana kitambaa kilichofungwa nyuma kama wanawake wa shamba, na kanga mbili, ya kiunoni na ya kubebea. Mtoto yuko mgongoni, kichwa kimechomoza chini ya bega la kushoto, anatazama pembeni kama watoto wanavyotazama wakiwa mgongoni. Sijawahi kuona mahali popote Maria aliyembeba Yesu mgongoni, na sikumwagiza hivyo; alisema mwanamke wa kwetu asingetembea kutoka Bethlehemu mpaka Misri na mtoto mkononi. Mashavu yana nembo, mistari imechimbwa kwa ncha ya patasi, kina chake unakihisi ukipitisha kidole. Ndonya imetokeza kidogo, na mdomo umeifumbata kwa utulivu, bila kuvutwa. Uso huo si wa huzuni. Ni uso wa mtu anayesikiliza. Mtoto hana nembo. Nilimuuliza fundi, akanishangaa: mtoto hachanjwi, bado hajafikia umri.

Ung'arishaji ni wa msasa wa daraja tatu na nta ya nyuki, hakuna vanishi, hakuna rangi ya viatu. Kwenye ukingo wa chini wa kanga ameacha ukanda mwembamba wa ule mti mweupe wa nje ukawa pindo, na sijui kama kuna fundi mwingine hapa mjini angefikiria hivyo.

Kasoro zipo. Mkono wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Kitako kina ufa mwembamba upande wa nyuma, urefu wa kama sentimita nne. Aliniambia ulikuwepo kwenye gogo na hautaongezeka nikitunza vizuri, na mpaka sasa haujaongezeka. Msiweke mpingo dirishani wala nyuma ya friji, joto la upande mmoja huupasua. Futa kwa kitambaa kikavu, na mara moja kwa miezi kadhaa paka nta kidogo. Kufungasha hakuna: nilibebeshwa imeviringishwa kwenye gunia lile lile, nikapakata kwenye bajaji mpaka nyumbani. Anayetaka kuisafirisha Dar aende na sanduku lake.

Watu wa imani hawakuipokea wote. Dada mmoja ambaye tumesali naye miaka mingi alisimama mlangoni akakataa kuingia. Akanikumbusha Kutoka 20, "Usijifanyie sanamu ya kuchonga." Sikubishana naye mlangoni, tulikaa kwenye mkeka nje. Nilimwambia hatuisujudii, hatuiombi, inatukumbusha. Kwamba Maria wa plasta amekuwa sebuleni kwa mama miaka yote naye amekunywa chai mbele yake bila neno. Akafikiri. Akasema, "Yule ni tofauti." Nikamuuliza tofauti yake ni nini. Hakunijibu siku ile. Namheshimu, kwa sababu ni mwanamke mnyoofu na hofu yake ya Mungu ni ya kweli, na najua angalau sehemu ya jibu lake, maana nililibeba mwenyewe miaka ishirini. Amekuja tena baada ya Krismasi. Aliingia, akakaa ameipa sanamu mgongo. Namsubiri.

Wengine walifurahi kupita kiasi, wakataka kuigeuza kuwa bendera ya Wamakonde. Hilo nalo nalikataa. Imesimama mezani pamoja na Biblia na mshumaa, na jioni tunasoma, tunasali Baba Yetu, watoto wanalala. Nimejua mimi ni Mmakonde kwa sababu nimejua mimi ni wa Kristo, na sio kinyume chake. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa vyote viwili.

Huduma ya baada ya mauzo, ambayo watu hawaitarajii kwa fundi wa chini ya mwembe, niliipata Januari. Mama alikuja kutoka Dar. Siku hizi ni safari ya siku moja tu, alipanda basi alfajiri na jioni alikuwa kwangu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaichukua sanamu akaiweka mapajani kama mtoto. Nilingoja alie. Hakulia. Akasema, "Mmekosea. Paji la uso alikuwa na mistari mitatu. Hapa mmeweka minne." Kadi ya mpiga kura ilikuwa imetudanganya, mmoja ulikuwa kunjo la uzee.

Tukaenda naye. Fundi alimsalimia kwa Kimakonde, na mama, ambaye sijawahi kumsikia akiongea lugha hiyo mbele ya watu, akamjibu kwa Kimakonde, na wakaendelea. Nilikuwa naambulia neno hapa na pale: mto, mama, mvua, korosho. Mama akafungua pindo la kanga akatoa kitambaa cha zamani, na ndani yake ndonya ya bibi. Ni ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Fundi aliipima kiganjani, akaichungulia ukingo wake uliolainika, akaniambia mimi kwa Kiswahili, "Mpingo mzuri huu. Huu wa uwandani." Kisha akachukua tupa ndogo na msasa, akakaa, akauondoa mstari wa nne, polepole, huku wakiendelea kuzungumza. Ilimchukua kama saa nzima. Ukilitazama paji sasa kwenye mwanga wa ubavuni utaona pamepungua kidogo pale mstari ulipokuwa.

Hakututoza. Ndonya iko mezani, mbele ya miguu ya Maria, kwenye kitambaa chake. Advansi ya sanamu ya Yusufu nimeshatoa, na safari hii ameniambia mwenyewe: kabla ya korosho.